Nilivyobadilisha Ekzosi Sebuleni

Ekzosi ya pikipiki yangu ilioza kwa chini, pale bomba linapokata kona kupita chini ya injini. Ilianza na kitundu cha kuingia njiti ya kiberiti. Mvua zilipochanganya na matope kuanza kuganda pale kila siku, kitundu kikawa mdomo, na pikipiki ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga. Nikipita kijiji cha Mkunya asubuhi kwenda kuchanja watoto, mbuzi walikuwa wanavuta kamba, na watoto wenyewe walianza kulia kabla hawajaiona sindano. Joto nalo lilikuwa linanipiga kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Nikaanza kuvaa soksi mbili.

Mimi ni nesi, ninafanya kazi Newala. Mume wangu anafundisha Masasi. Hupanda kuja kwangu Ijumaa jioni na kushuka Jumapili. Masasi ndiko nilikozaliwa, chini kule kwenye majabali, na baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli aliyehamia kwenye pikipiki zilipoanza kuwa nyingi. Hakuwa na mtoto wa kiume. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namshikia, namsafishia plagi, na baadaye nafungua mwenyewe wakati yeye anakunywa chai na kunitazama. Ndiyo maana sikuona shida kubadilisha ekzosi mwenyewe. Fundi wetu wa mtaani alikuwa amekwenda msibani Tandahimba, na kesho yake nilitakiwa kwenda na kisanduku cha chanjo kwenye vijiji vya bondeni, kule ambako ukiharibikiwa njiani unalala hapo hapo. Mume wangu akanitumia ekzosi mpya kwa basi, imefungwa kwenye gunia la sukari.

Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, katikati ya Ramadhani. Mama mkwe alikuwa kwangu. Alikuja kutoka Mkunya akiwa na malaria, na siku ile alikuwa anamaliza dozi. Homa ilikuwa imeshuka lakini mwili bado dhaifu. Alikuwa anaamka, anakunywa uji, anarudi kulala. Nilimlaza chumba cha mbele, kinachofungukia sebuleni, ili nimsikie akiita. Chumba kile hakina mlango. Kina pazia tu.

Asubuhi nilifanyia kazi barazani. Nati mbili zinazobana bomba kwenye injini zilikuwa zimeshikwa na kutu hadi huwezi kujua ipi nati na ipi kutu. Nilizimwagia mafuta ya taa, nikasubiri, nikamwaga tena. Hapo nilikuwa na hofu ya kweli, na naikumbuka kwa sababu ya mambo yaliyokuja baadaye: niliogopa bolti isije ikakatika. Bolti ikikatikia ndani ya injini, umekwisha; mpaka wachimbe kwa mashine, na mashine hiyo iko Masasi. Kila nilipoegemea spana nilikuwa nafunga macho. Kumbe kitu cha kuogopa kilikuwa kingine, na chenyewe sikukifungia macho wala sikukifumbulia.

"Unapigana na nani huko nje?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Na kutu, Mama."

"Mwachie fundi."

"Fundi yuko Tandahimba, msibani."

"Basi pole pole. Vyuma havina haya."

Nati ya pili ilitoka saa saba mchana. Nilikaa chini nikacheka peke yangu kwa furaha. Nilipoinua uso, upande wa bondeni kulikuwa hakuna bonde, kuna ukuta wa kijivu unakuja.

Kwa mtu asiyeishi Newala nieleze kidogo. Maji kwetu ni ya kubembeleza. Mvua ikija huachi hata tone liende bure: sufuria, beseni, ndoo, dumu lililokatwa shingo, vyote vinatoka nje. Kwa hiyo nilikuwa nakimbia huku na huku kupanga vyombo chini ya bati, kisha nikapandisha pikipiki sebuleni kwa kutumia ubao, kama ninavyoipandisha kila jioni. Wengi tunazilaza pikipiki ndani. Haikuwa ajabu hata kidogo pikipiki kusimama pale kati ya kochi na meza ya televisheni.

Mvua ile ilikuja na upepo. Ikapiga moja kwa moja mlangoni, ikalowesha gazeti nililokuwa nimepanga juu yake nati zangu na ile pete nyembamba ya shaba inayokaa kati ya bomba na injini. Baridi ya uwanda wa juu tunaijua. Ikiingia na mvua, inakaa.

"Mwanangu," mama aliita, "baridi."

Nikafunga mlango, nikatia komeo. Nikafunga madirisha yote mawili ya sebuleni na lile la chumba chake. Nikamwongezea blanketi. Alikuwa na jasho jembamba kwenye paji la uso, akanishika mkono na kusema, "Umefunga swaumu na unafanya kazi nzito. Pumzika." Nikamwambia nakaribia kumaliza.

Ekzosi mpya iliingia vizuri kwa mbele. Nilipachika pete ya shaba, nikakaza nati kidogo huku na kidogo kule, kwa zamu, kama nilivyofundishwa. Tatizo lilikuwa nyuma. Tundu la kikono kinachobeba ekzosi halikukutana na tundu la fremu. Lilipishana kama upana wa kidole. Nikasukuma, nikavuta, nikakalia, haikukubali. Nikasema: labda pale mbele haijakaa sawasawa. Njia ya kujua ni kuwasha, kupitisha kiganja, na kusikia pumzi inavujia wapi.

Nikapiga kiki. Ikawaka mara ya kwanza.

Sauti ilikuwa nzuri. Baada ya miezi ya kunguruma, injini ilikuwa inasema kwa upole, kama mtu anayesoma kimoyomoyo. Nilifurahi. Nilipitisha kiganja, nikasikia upepo wa moto mbele, nikakaza. Baba alizoea kuacha injini iwake kidogo ili chuma kipate moto na kutanuka, halafu anakaza tena. Nikaiacha iwake. Huku nyuma, mtetemo ulikuwa unanionyesha mahali bomba linapogonga fremu, kwa hiyo sikuona sababu ya kuzima. Baba alinifundisha kila kitu cha kazi ile isipokuwa kimoja, kwa sababu yeye siku zote alifanyia nje, na mtu anayefanyia kazi nje hana haja ya kukisema.

Ekzosi mpya hupakwa mafuta dukani ili isishike kutu. Ikipata moto kwa mara ya kwanza hutoa moshi mwembamba wa bluu wenye harufu. Niliuona moshi, nikajua ni huo. Kichwa kilianza kunibana, kama mtu amenifunga kitambaa na anazidi kukikaza. Nikajua ni swaumu. Mama alikuwa anakohoa kidogo na kunung'unika. Nikajua ni malaria. Kila dalili ilikuwa na jina tayari. Na mimi ni nesi. Kila Jumanne kliniki ninasimama mbele ya kina mama na kuwaambia: jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata kukiwa na baridi ya namna gani, moshi wake unaua na hauna harufu. Maneno hayo nayasema bila kuyafikiria, kama mtu anavyoitikia salamu.

Sijui muda gani ulipita. Najua kwamba spana ilinidondoka, nikaiinamia, nikaitazama pale sakafuni, na nikashindwa kukumbuka ni ya nini. Nilikuwa naiona: chuma kirefu, kichwa cha duara. Sikujua inashikwaje. Sikuumia popote. Nilikuwa nimetulia, na utulivu ule ndio unaonitisha hadi leo nikiukumbuka, maana ulikuwa mtamu. Ningeweza kujiegemeza kwenye kochi na kulala.

Kilichonishtua ni kwamba mama alikuwa hakohoi.

"Mama," niliita.

Injini iliendelea kusoma kimoyomoyo.

"Mama!"

Nilisimama. Nikaenda kwa kushika kochi, kisha ukuta, kisha pazia, ambalo lilikatika na fimbo yake likanifunika. Mama alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Anapumua, lakini kwa mkoromo wa mbali. Nikamfinya kidole, hakuvuta. Nikamfungua jicho, hakunitazama. Halafu nikaona midomo yake. Siku zote tatu ilikuwa mikavu na imepauka. Sasa ilikuwa na wekundu mzuri, wekundu wa msichana aliyetoka kuoga. Niliwahi kuuona wekundu ule mara moja, chuoni, kwa baba mmoja na mtoto wake waliolala na jiko.

Hapo nikajua. Nilijua yote kwa mara moja: moshi, kichwa, swaumu, komeo. Nilijua na nani aliyefanya.

Nilirudi sebuleni nikazima injini. Nilimshusha mama kitandani pamoja na shuka lake, akaanguka kwa uzito ambao sikuutegemea kwa mwanamke mwembamba vile, nikamburuta. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua nane. Nimezihesabu baadaye mara nyingi. Nilipumzika mara tatu. Mara ya tatu niliweka shavu sakafuni, na sakafu ilikuwa baridi na ya starehe, nikasema ngoja kidogo tu. Sijui ni nini kilichoninyanyua. Nadhani ni hofu tupu, hofu ya kuonwa pale na mtoto wake, mume wangu.

Komeo halikutoka. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua na kukibana kile chuma. Nilipiga kwa ngumi, nikapiga kwa kisigino cha mkono, nikalia, nikarudi kwa magoti kuitafuta spana. Safari hii mkono ulijua inashikwaje. Nililigonga komeo mpaka likaruka, na mvua ikaingia yote kwa pamoja, usoni, kifuani, na sijawahi kupenda kitu kama nilivyoipenda mvua ile.

Nilimtoa hadi barazani, nikamgeuza ubavu, nikainua kidevu chake. Kisha nikatapika pembeni, maji matupu.

Jirani yangu ni mama wa makamo anayechoma maandazi. Tunashea ukuta mmoja. Alikuja mbio na gunia kichwani.

"Nesi! Kuna nini? Mama kafanyaje?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa neno fupi tu. Badala yake nikasema, "Malaria."

"Imempanda kichwani?"

"Imempanda kichwani."

Nilisema uongo ule haraka kuliko nilivyowahi kusema kweli yoyote. Sikuupanga. Ulikuwa pale unanisubiri, na jirani ndiye aliyeukamilisha.

Alimpigia dereva wa bajaji anayemfahamu. Nilisikia sauti ya mtu kwenye simu: amekwama kwenye matope, tusubiri mvua ipungue. Jirani alinitazama. Nilijua kitu ambacho yeye hakukijua, kwamba aliye mbele yetu hana muda wa kusubiri mvua. Hewa safi ya barazani ilikuwa inasaidia, lakini damu iliyoshikwa na moshi ule haiuachii upesi. Inahitaji oksijeni, na oksijeni iko hospitali, kama kilomita mbili.

"Twende na pikipiki," nikasema.

"Wewe mwenyewe umepauka, Nesi. Unaweza?"

"Naweza." Huo ulikuwa uongo wa pili.

Niliiteremsha pikipiki kwa ubao. Ekzosi ilikuwa inashikiliwa na nati mbili za mbele tu, nyuma inaning'inia. Nilivuta waya wa kuanikia nguo, nikauzungusha mara nne kwenye kikono na fremu, nikaupinda kwa koleo. Tukampandisha mama katikati. Jirani akakaa nyuma, akamkumbatia, na tukafunga kitenge kutoka mgongoni kwake hadi tumboni kwangu, sisi watatu mzigo mmoja. Kichwa cha mama kiliangukia begani kwangu. Kila alipopumua nilisikia pumzi ile ya mkoromo sikioni, na kila ilipochelewa niliacha kupumua na mimi.

Nimeendesha pikipiki kwenye makorongo ya kushukia Ruvuma. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kwenye kilomita zile mbili za mjini. Barabara ilikuwa inaonekana mbili. Nilichagua ya kushoto. Udongo mwekundu ulikuwa umegeuka sabuni, na waya wa nyuma ulikuwa unalegea. Nilisikia ekzosi inaanza kugonga, ngo, ngo, ngo, na nikafikiri ikidondoka na kuingia kwenye gurudumu tutakufa watatu, kwa mkono wangu ule ule mmoja. Sikupunguza mwendo. Jirani alikuwa anasoma dua kwa sauti. Pale kwenye mteremko wa sokoni gurudumu la nyuma liliteleza, likaenda upande, likarudi. Nilihisi haja ndogo ikinitoka. Sikujali.

Hospitalini walitupokea wahudumu ninaowafahamu. Walimweka mama kitandani, na daktari wa zamu, kijana mwenye haraka na adabu, akaja.

"Shikamoo mama," alimwambia mgonjwa asiyesikia, kwa mazoea. Kisha kwangu: "Imekuwaje, sista?"

Jirani alijibu kabla yangu. "Malaria, daktari. Alikuwa anaumwa tangu Jumapili. Leo imempanda kichwani, ghafla tu."

Daktari aliagiza kipimo cha malaria na cha sukari. Akambana mama kidoleni kile kifaa cha kupimia oksijeni, akasubiri. Namba zikatokea: tisini na nane.

"Oksijeni yake nzuri kabisa," alisema. "Tumwekee dripu, tuanze sindano ya malaria."

Nilisimama pale miguuni mwa kitanda, nguo zinachuruzika, na nilikuwa peke yangu katika chumba kile niliyejua kwamba kifaa kinadanganya. Kinaiona damu nyekundu na kuridhika; hakijui kama wekundu ule ni wa hewa au wa moshi. Ningenyamaza, mama angepewa dripu na sindano, na oksijeni isingeletwa. Akifa, ingeandikwa malaria. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Mume wangu angenishika mkono msibani na kunishukuru kwa kumuuguza mama yake.

Hivyo ndivyo nilivyowaza. Siandiki ili nijisafishe. Niliwaza hadi kwenye msiba, hadi kwenye kanga nitakayovaa. Niliona sura za kina mama wa Jumanne. Niliona ndugu zake wa Mkunya wamekaa kwenye mkeka wakisema, mkwe kamuua, kwa pikipiki yake. Muuguzi alikuwa ameshafunga mpira kwenye mkono wa mama na anapapasa kutafuta mshipa. Aliupata. Akachoma. Akabandika plasta. Muda wote huo nilinyamaza. Mtu anayeijua kazi ile atakwambia ni muda gani. Si mrefu, lakini mtu anaweza kuishi humo maisha yake yote.

"Daktari," nikasema, "kipimo hicho kinadanganya."

"Kinadanganya vipi?"

"Si malaria. Amevuta moshi wa pikipiki. Nimewasha pikipiki ndani ya nyumba, mlango na madirisha vimefungwa. Nilikuwa nabadilisha ekzosi. Ni mimi."

Jirani alikuwa ameniwekea mkono mgongoni. Niliusikia mkono ule ukiondoka.

Daktari hakusema neno la lawama. Uso wake ulibadilika tu, ule mwendo wa haraka ukawa haraka ya aina nyingine. "Dakika ngapi?"

"Sijui. Labda ishirini. Labda zaidi."

"Oksijeni, maski, mpaka mwisho!" alimwambia muuguzi. Kisha akanigeukia. "Na wewe ulikuwemo humo humo ndani?"

"Nilikuwemo."

"Kaa chini. Sista, kaa chini kabla hujaanguka. Fungua na swaumu yako."

Walileta mashine nyingine kutoka wodi ya pili, wakanivisha maski kwenye kiti kando ya kitanda chake. Tulikaa hivyo, mimi na mama mkwe, tunapumua kutoka kwenye mashine mbili. Sasa hofu ilikuwa haina kazi ya kufanya, kwa hiyo ilinikalia. Kila kidole chake kilipotikisika niliruka. Kila kilipotulia nilihisi nimemzika. Jirani alikwenda nje muda mrefu. Nilijua amekwenda kusimulia, au amekwenda kulia, na vyote viwili alikuwa na haki navyo. Aliporudi alikuwa na chupa ya chai na kanga kavu. Akanifunga ile kanga kiunoni bila kunitazama.

"Ungeniambia tangu barazani," alisema.

"Niliogopa."

"Unadhani mimi ningekupiga?"

Akanimiminia chai.

Mvua ilikwisha. Muda mfupi kabla ya Magharibi, mama alifumbua macho. Aliangalia dari, akaangalia maski yangu, akasema maneno ya Kimakonde, polepole, ulimi mzito. Mimi ni Myao. Kimakonde nakisikia nusu, na nusu ile siku hiyo ilinitoroka. Niliganda. Nilifikiri ananitaja. Nilifikiri anawaambia.

"Anasemaje?" nilimuuliza jirani.

Jirani aliziba mdomo kwa upande wa kanga. "Anauliza ndoo zimejaa?"

Nililia mpaka maski ikaingia maji.

Mume wangu, aliyepigiwa simu na jirani, alifika saa mbili kasoro, kwa pikipiki ya kukodi kutoka Masasi, amejaa vumbi lililogeuka tope. Nilimpeleka koridoni nikamwambia, kuanzia kutu hadi "ni mimi". Nilimwambia na ule uongo, na ule ukimya. Alitazama viatu vyake. Nilisubiri anipige, au anikumbatie, au aondoke. Alichofanya ni kuingia ndani kwa mama yake, nami nikabaki mlangoni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Umekuja katikati ya wiki. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama."

"Basi usimkunjie mwenzako uso. Mimi ndiye niliyesema baridi. Yeye akafunga. Ulitaka afanyeje, aniache nitetemeke?"

Haikuwa kweli yote, na mama alijua, maana jirani alikuwa ameshamsimulia. Kufunga mlango haikuwa kosa; kosa lilikuwa injini. Lakini alijitwisha nusu, mbele ya mwanawe, akiwa bado na mpira mkononi, na tangu hapo hakuna mtu katika ukoo ule aliyepata nafasi ya kunitupia yote. Mume wangu hakuongea nami kwa siku nne. Siku ya tano aliniuliza kama kichwa bado kinauma.

Fundi alirudi kutoka msibani akamaliza ile kazi nje, juani, kwa nyundo na msumeno wa chuma. Tundu la nyuma lilikuwa limetobolewa vibaya tangu kiwandani. Alilitanua kwa dakika tano.

Ingekwisha hapo, lakini daktari aliniambia jambo tulipokuwa tunaruhusiwa, nami nililijua tangu chuoni: moshi ule una tabia ya kurudi. Mtu anapona, anatembea, anacheka, halafu wiki mbili au tano baadaye akili inaanza kumtoka. Anasahau majina. Anapotea njia ya chooni. Anajikojolea. Si wote, lakini wapo. Na hakuna dawa ya kumkinga, ni kungoja.

Nilingoja. Nilimuuliza leo siku gani hadi akachoka. Nilimtazama akifunga vifungo. Nilimpa nyuzi na sindano nikijifanya nina nguo ya kushona, nione kama atatunga. Akisahau mahali alipoweka ugoro wake, nilikuwa nakosa usingizi, na wakati huo huo najua kwamba alikuwa anausahau hata kabla.

"Unanichunguza," aliniambia siku moja.

"Hapana, Mama."

"Unanichunguza kama mwizi anavyochunguza nyumba."

Baada ya Idi akasema anarudi kwake, mihogo ina magugu. Hatukuweza kumzuia. Nilimpeleka mwenyewe, na kila nilipopita Mkunya na kisanduku cha chanjo nilikata kona hadi kwake.

Wiki ya sita nilifika asubuhi na kukuta nyumba wazi. Chungu kiko jikoni, moto umezimika, majivu ya baridi. Niliita mbele, nikaita nyuma. Viatu vyake vya plastiki vilikuwa mlangoni, kimoja kimeangalia ndani na kimoja nje. Jirani yake wa karibu hakuwepo. Niliingia chumbani: kitanda kimetandikwa, hakuna mtu. Nilitazama chooni, nikatazama kwenye karo la kuhifadhia maji ya mvua, nikainua hata mfuniko. Nilimwona kichwani mwangu akitembea peku barabarani, hajui jina lake, akielekea Tandahimba au ukingoni kwa bonde.

Nilikimbia shambani, katikati ya mikorosho, nikiita. Sijui niliita mara ngapi. Sauti ilikuwa inanikatika.

Alikuwa amechuchumaa kwenye tuta la mwisho, peku, mikono yote miwili udongoni, anang'oa muhogo. Aliinua kichwa akanitazama nilivyokuwa nahema.

"Mama, leo siku gani?" Ndicho kilichonitoka, bila hata shikamoo.

"Alhamisi," alisema. "Na wewe umechelewa kazini. Shika huku tuvute."

Ilikuwa Alhamisi kweli. Nilishika shina. Tukavuta pamoja.